Kinyonga Hatambuliwi kwa Rangi Yake

Picha inaingia kwenye simu usiku. Ni kinyonga wa kijani mwenye mstari mweupe ubavuni, ameng'ang'ania kijiti cha lantana upande wa Kabale. Chini yake kuna swali moja: huyu ni aina gani? Dakika chache baadaye majibu yamejaa, na karibu yote yanaanzia kwenye rangi. Ni wa kijani, basi ni fulani. Ana mstari, basi ni fulani mwingine. Hivyo ndivyo vinyonga wa Uganda wanavyopewa majina yasiyo yao, kuanzia kwenye vizimba vya wafugaji hadi kwenye karatasi za vibali.

Kwa kinyonga, rangi ndiyo ya kutazamwa mwisho. Kiswahili chenyewe kimetuonya, maana mtu asiye na msimamo tunamwita kinyonga. Tatizo ni kwamba wengi bado wanaamini mnyama huyu hubadilika ili afanane na mahali alipokaa, kwa hiyo wanadhani wakimweka kwenye jani la kijani wataona rangi yake "halisi". Rangi ya kinyonga hufuata joto, mwanga, hofu, ugomvi na, kwa jike, mimba. Asubuhi ya baridi huko Kisoro atakuwa karibu mweusi, kwa kuwa ngozi iliyokoza hunyonya joto la jua upesi. Ikifika saa nne ameshakuwa kijani. Akikutana na dume mwenzake anatoa madoa na mistari ambayo dakika tano kabla haikuwepo. Usiku akilala anapauka kabisa. Mnyama mmoja kwa siku moja anakupa picha nne, na kuna atakayeapa kwamba ni spishi nne.

Jina likikosewa, anayelipa ni mnyama. Uganda ina vinyonga wanaotaga mayai na vinyonga wanaozaa watoto hai. Ina wa savana wanaovumilia joto kali la mchana, na wa milimani wanaohitaji usiku wa baridi ili wapumzike. Jike wa kutaga akifugwa kama jike wa kuzaa, atazunguka kizimbani akitafuta udongo wa kuchimba, asiupate, na mayai yatamfia tumboni pamoja naye. Jike wa kuzaa akifugwa kama wa kutaga, mfugaji wake atasubiri mayai wiki baada ya wiki, mpaka asubuhi moja akute vitoto vidogo vimetawanyika kwenye sakafu ya wavu, baadhi vimeshakauka kwa kukosa maji. Yote mawili yanazuilika kwa kutazama koo, ubavu na kisigino kabla ya kutazama rangi.

Jinsi ya kumtazama bila kumuumiza

Wakati mzuri wa kumtafuta kinyonga ni usiku, kuanzia saa mbili hivi. Mchana amejificha, usiku amelala kwenye ncha ya tawi au jani, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa mweupe katikati ya majani yaliyokoza. Tembea polepole, tochi ukiishika karibu na usawa wa macho yako ili mwanga na macho vifuate njia moja. Pitia ua wa michongoma, kingo za shamba la migomba, matete ya kando ya mtaro na vichaka vya mpakani mwa msitu. Ukishampata usiku, weka alama, kisha rudi asubuhi umpige picha akiwa macho.

Vifaa ni vichache: tochi, lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, rula ya sentimita 30, simu na daftari. Usimbandue kinyonga kwenye tawi kwa kumvuta. Vidole vyake hushika kama koleo, na ukivuta unaweza kumng'oa kucha au kumteguza mguu. Mkia pia usiuguse: mjusi wa nyumbani ukikatika mkia huotesha mwingine, kinyonga haoteshi. Weka kijiti mbele ya kifua chake, juu kidogo ya alipo, halafu mguse nyuma kwa upole. Mwenyewe atapanda, kwa sababu akiona hatari hupenda kwenda juu. Dakika tano zinatosha. Akifoka, akipanua kinywa na kujipuliza tumbo, anakutisha tu. Hana sumu, na yale tunayosikia vijijini kwamba mate yake yanaua au kwamba akikugusa utapata mkosi hayana ukweli. Kuna vinyonga wengi wanaopigwa mawe kwa ajili ya maneno hayo, na inauma. Baada ya kumshika nawa mikono kwa sabuni, kama baada ya kumshika mtambaazi yeyote.

Piga picha sita, si moja. Kwanza ubavu mzima, mwili ukiwa sambamba na simu. Pili kichwa kutoka pembeni. Tatu kichwa kutoka juu na nyuma, ili kofia ya fuvu, yaani mfupa ulioinuka juu ya kichwa, na ngozi ya shingo zionekane. Nne koo kutoka chini, kuanzia kidevu hadi kifuani. Tano mstari wa tumbo. Sita kisigino cha mguu wa nyuma pamoja na shina la mkia. Hiyo ya nne na ya sita ndizo watu wasizopiga kamwe, na ndizo zenye majibu. Kwenye daftari andika mahali, mwinuko kwa mita, aina ya mmea, urefu kutoka ardhini, na vipimo viwili: ncha ya pua hadi tundu la choo, kisha mkia peke yake.

Wanaofuga mijusi wa Madagaska wenye mkia kama jani wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. *Uroplatus sikorae* na *Uroplatus sameiti* wakikaa kwenye gome la mti hutaona tofauti, lakini ndani ya kinywa *sikorae* ni mweusi na *sameiti* ni wa waridi. Kwa vinyonga wetu hakuna haja ya kumfungua mnyama kinywa. Kila kinachohitajika kiko nje.

Jenasi kwanza

Uganda ina jenasi nne za vinyonga, yaani makundi ya spishi zenye undugu wa karibu, na mkosaji wa kawaida huruka hatua hii akakimbilia jina la spishi. *Chamaeleo* ni wa savana na mashamba: mwili mkubwa, mkia mrefu, na safu ya vijimiiba vyeupe inayoanza kidevuni ikapita kooni na kushuka katikati ya tumbo. *Trioceros* ni wa milimani na miinuko ya kati. Wengi wao wana ndevu za vijimiiba kooni na kishungi cha miiba mgongoni, na baadhi wana pembe. *Kinyongia* ni wa msituni, mwembamba, na koo lake na tumbo lake havina safu yoyote ya miiba. *Rhampholeon* ni kijinyama kidogo cha kahawia chenye mkia mfupi, kama jani lililonyauka.

Jina *Kinyongia* lilitolewa mwaka 2006 na Tilbury, Tolley na Branch, nao walilichukua kutoka neno letu hili hili, kinyonga. Ni heshima ndogo kwa Kiswahili ambayo wasemaji wake wengi hawajaisikia.

Kwa hiyo swali la kwanza ni koo na tumbo, na la pili ni mkia. Ukiona koo laini na mkia mrefu ndani ya msitu, fikiria *Kinyongia*, ila majike wa *Trioceros johnstoni* nao wana koo laini, na tutawafikia. Mkia ukiwa kama robo tu ya urefu wote wa mnyama, huyo ni *Rhampholeon*, wala si mtoto wa aina nyingine. Kosa hilo la kumdhania mtoto ni la kila siku. Mtoto wa *Trioceros* au wa *Chamaeleo*, hata akiwa na urefu wa kidole, ana mkia mrefu anaouviringisha kama saa ya ukutani inavyoviringisha waya wake.

Watatu wa savana na kisigino chao

*Chamaeleo dilepis*, *Chamaeleo gracilis* na *Chamaeleo laevigatus* wakiwa kijani wote watatu huwatofautishi kwa mbali. Wote wanataga mayai, kwa hiyo wakichanganywa madhara ya uzazi si makubwa, lakini kwenye kibali jina lisilo sahihi ni jina lisilo sahihi.

Anza na shingo. *Dilepis* ana mikunjo miwili ya ngozi nyuma ya kichwa, mfano wa ndewe za masikio, na akikasirika huinyanyua ikasimama pembeni. Akiwa mtulivu imelala, na ndiyo sababu picha ya ubavu peke yake haitoshi. Mtazame kutoka nyuma. *Gracilis* ama hana mikunjo hiyo ama ana kingo ndogo tu zisizonyanyuka. *Laevigatus* hana kabisa, na kofia yake ya kichwa iko chini, kama imebanwa.

Halafu kisigino. Dume wa *dilepis* na dume wa *gracilis* wana kipi, yaani kijimwiba, nyuma ya kisigino cha mguu wa nyuma, kidogo, mfano wa kile cha jogoo anayeanza kukua. Dume wa *laevigatus* hana. Hapa ndipo hata wazoefu wanapoteleza: majike wa *gracilis* nao hawana kipi. Mtu anatazama kisigino, haoni kitu, anaandika *laevigatus*, kumbe mkononi ameshika jike wa *gracilis*. Kukosekana kwa kipi kunasema jambo pale tu unapokuwa na hakika kwamba mbele yako ni dume. Tazama shina la mkia kutoka chini, pale linapotoka mwilini. Dume mzima amevimba hapo, kwa kuwa viungo vyake vya uzazi vimekunjwa ndani. Kwa jike mkia unaanza mwembamba mara moja. Kama ni mdogo, chini ya sentimita kumi kutoka pua hadi tundu la choo, usitoe hukumu kwa kisigino hata kidogo.

Kwa jike lisiloamulika rudi kwenye ngozi. Jina *laevigatus* lina maana ya aliyelainishwa, na ukimpitishia lenzi unaelewa kwa nini: magamba yake ni madogo, sawasawa, kama shanga zilizochaguliwa na mshonaji mwenye subira. Ya *gracilis* yamekwaruza zaidi, na kichwa chake kimepanda juu. Rangi ya njano au chungwa inayojitokeza kati ya magamba ya koo anapojipuliza usiihesabu, kwa sababu haimhusu mmoja peke yake.

Mlimani, penye ugomvi mkubwa

Sasa tufike kwenye familia inayoleta mabishano zaidi ya zote: vinyonga wadogo wa *Trioceros* wenye mstari ubavuni. Kigezi, Fort Portal, miteremko ya Rwenzori, Kapchorwa, hadi milima ya Karamoja, kila mahali kuna mdogo wa aina hii, wa kijani au kahawia, asiye na pembe, mwenye kishungi mgongoni na ndevu kooni. Wote wanazaa watoto hai.

Anayeonekana zaidi ni *Trioceros ellioti*. Mtaalamu wa wanyama Günther alimwandika kisayansi mwaka 1895 na akampa jina la Scott-Elliot, mtaalamu wa mimea aliyetembea Rwenzori miaka ile. Huyu hakuukimbia ukulima. Utamkuta kwenye ua wa nyumba, kwenye matete, kwenye magugu ya kando ya barabara anakopita mtu wa boda boda na mkungu wa matoke. Alama yake iko kooni: pande mbili za koo zina mifereji inayokwenda sambamba kati ya safu za magamba, na akijipuliza mifereji hiyo hufunguka ikaonyesha ngozi ya ndani. Ndevu zake ni vijimiiba vyembamba vilivyopangika, wala si virefu mno. Bila picha ya koo kutoka chini hutamjua kwa hakika, na tunalirudia hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

*Trioceros rudis* ni jirani yake wa juu zaidi, kwenye misitu ya Rwenzori na ya volkano za Virunga. *Rudis* kwa Kilatini ni mkwaruzo, na ndivyo alivyo: magamba ya ubavu makubwa na madogo yamechanganyika ovyo, ngozi inaonekana kama changarawe, na ndevu ni fupi na nene. Mifereji ile ya koo hana. Mtu akishuka Rwenzori na picha ya kinyonga mwenye mstari, mwinuko alioandika unasaidia, lakini usiufanye hakimu. Kuna maeneo ya kati ambapo wanakaribiana, na hapo koo ndilo linaloamua.

Upande wa mashariki, Mlima Elgon, kuna *Trioceros hoehnelii*, aliyepewa jina la von Höhnel aliyesafiri na mvumbuzi Teleki mwaka 1887 na 1888. Mzima wake hachanganywi na mtu: kofia ya fuvu imepanda kama mnara, puani ana kinundu kama pembe iliyokata tamaa kukua, na ndevu zake ni ndefu, nzito, zinashuka kama za mzee. Ugumu ni watoto. Kinyonga mdogo wa *hoehnelii* hana mnara wala ndevu za kutisha, na akiwekwa karibu na *ellioti* wa miteremko ya chini watu hutupa sarafu. Kwa mdogo tazama pua kutoka pembeni, maana kinundu huanza mapema kuliko ndevu, na tazama pembe ya kofia inavyopanda nyuma ya jicho.

Na yule wa ukame, *Trioceros bitaeniatus*, wa upande wa kaskazini mashariki. Jina lake linamaanisha mwenye mikanda miwili. Wengi wanaisoma kama mistari ya rangi, kisha kila mwenye mstari wanamwita hivyo. Mikanda ya kutafuta ni ya magamba: kila ubavu una safu mbili za magamba makubwa bapa, moja juu na moja chini, kama vifungo vilivyoshonwa kwenye koti. Magamba yanabaki akiwa mweusi, akiwa kijani, hata akiwa amelala. Ukiona mistari miwili ya rangi bila safu mbili za magamba, hiyo ni mistari tu.

Kuna vitu vinavyopotosha hapa hata kwa jicho lililozoea. Kinyonga anayejivua ngozi hupauka vipande vipande, magamba makubwa yakaonekana kama hayapo. Msubiri siku mbili tatu. Vijimiiba vya ndevu huvunjika, hasa kwa madume wanaogombana, kwa hiyo ndevu fupi zenye ncha butu zinaweza kuwa ndevu ndefu zilizokatika. Jike mwenye mimba ubavu umetanuka, na safu za magamba zinaachana hadi zionekane kama hazina mpango. Na mwanga wa simu ukipiga kwa mbele unaifuta kabisa mifereji ya koo. Shika tochi pembeni, mwanga ukwaruze ngozi kwa ubavu, kivuli ndicho kitakachochora mfereji.

Wenye pembe tatu

*Trioceros johnstoni* wa Rwenzori, Bwindi na Kigezi ni kinyonga mkubwa, hufikia sentimita 30 pamoja na mkia, na dume ana pembe tatu zenye pete. Boulenger alimwandika mwaka 1901. Johnston mwenye jina hilo ndiye Harry Johnston, aliyekuwa kamishna wa Waingereza Uganda, na okapi naye alipewa jina lake mwaka huo huo.

Kwa kuwa duniani kinyonga wa pembe tatu anayejulikana ni *Trioceros jacksonii* wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, wengi wakimwona *johnstoni* humwita kwa jina la Kenya, wakafuata maelekezo ya kumtunza huyo wa Kenya. Hapo ndipo maafa ya mayai yanapotokea, kwa sababu *jacksonii* huzaa watoto hai na *johnstoni* hutaga. Usihesabu pembe. Tazama mgongo: *jacksonii* ana kishungi cha miiba kinachoonekana wazi kama meno ya msumeno, *johnstoni* mgongo wake hauna kishungi. Koo la *johnstoni* nalo halina ndevu, na ubavuni kuna magamba makubwa ya bapa kati ya madogo.

Jike wa *johnstoni* hana pembe, na huyu ndiye tuliyemtaja mwanzoni anayedhaniwa *Kinyongia*. Ukubwa wa mwili na magamba yale ya bapa vinamtenga. Madume wadogo nao pembe zao ni vinundu tu. Na dume mzima anaweza kuwa amevunja pembe. Tazama kama kuna kisiki chenye pete mahali pake.

Wa msituni, kwa kifupi

Kwa *Kinyongia* tutapita haraka, kwa sababu mfugaji hapaswi kuwa naye. Rwenzori ina *Kinyongia xenorhina*, ambaye dume ana pua iliyopanuka mbele kama kasia bapa la mviringo na kofia ya kichwa ndefu mno, na *Kinyongia carpenteri*, mdogo zaidi, mwenye kichomozi cha pua kidogo zaidi. Yule asiye na kichomozi aliyekuwa akiitwa *Kinyongia adolfifriderici* kila mahali aligawanywa mwaka 2017 na watafiti, akiwemo Mganda Mathias Behangana. Wa nyanda za juu za Kigezi sasa anaitwa *Kinyongia tolleyae*. Vitabu na lebo za zamani za Bwindi bado zina jina la kwanza, na si kosa la aliyeziandika.

*Rhampholeon* naye yamemkuta hayo hayo. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila kinyonga mdogo kama jani kavu wa mashariki mwa Kongo na magharibi mwa Uganda alikuwa *Rhampholeon boulengeri*. Mwaka 2024 watafiti walimchambua na kutoa majina mapya, miongoni mwao *Rhampholeon monteslunae*, yaani wa Milima ya Mwezi, na *Rhampholeon nalubaale*, kwa jina la Kiganda la ziwa Victoria. Hawa wanafanana kiasi kwamba chembe za urithi na mahali alipopatikana ndivyo vinavyosema zaidi kuliko lenzi. Kwa mtu wa kawaida jibu la kweli ni kuandika "*Rhampholeon*, kundi la *boulengeri*", kisha kutaja msitu. Anayeandika jina kamili kwa picha ya simu anakisia.

Jina likishapatikana

Wa milimani, yaani *ellioti*, *rudis*, *hoehnelii* na *johnstoni*, wanahitaji mchana wa nyuzi 22 hadi 26 na usiku unaoshuka hadi 12 au 16. Kabale, karibu mita 1,900, usiku huo unapatikana bure. Kampala, takriban mita 1,200, chini ya paa la bati haupatikani, na mnyama anakonda huku anakula vizuri na mfugaji haelewi kwa nini. Wa savana wanataka mahali pa kuota jua penye nyuzi 30 hadi 32, na kivuli cha kukimbilia. Kwa wote kizimba kiwe cha wavu, si cha kioo: kioo hufungia hewa, na kinyonga akiona taswira yake anadhani ni mpinzani, hatulii. Kwa *johnstoni* au *dilepis* sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120; kwa *ellioti* 40 kwa 40 kwa 80 inatosha. Mmoja kila kizimba. Maji hawanywi kwenye sahani, bali matone juu ya majani, kwa hiyo nyunyiza asubuhi na jioni na weka chupa inayodondosha.

Kwa jike yeyote wa *Chamaeleo* na kwa jike wa *johnstoni*, weka ndoo ya udongo uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu wa kubaki na umbo ukiufumbata mkononi bila kutoa maji, kina sentimita 25 hadi 30. Iweke hata kama hujamwona na dume, maana majike wa kutaga hutoa mayai yasiyorutubishwa pia, na haya nayo huua yakikosa pa kwenda. Kwa jike wa *ellioti* hakuna haja ya ndoo. Badala yake ziba matundu ya wavu yanayozidi milimita mbili, na umhamishe mama mara watoto wakishatoka.

Kabla ya yote hayo kuna sheria. Vinyonga wote wa Uganda wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. *Rhampholeon* aliongezwa kwenye mkutano wa mwaka 2016. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, kumkamata, kumfuga au kumuuza kunahitaji haki ya matumizi kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na ndani ya hifadhi kama Bwindi au Rwenzori hakuchukuliwi kitu. Fomu inauliza spishi. Ukiandika *bitaeniatus* kwa sababu uliona mistari miwili, takwimu za nchi zinapata kinyonga wa Karamoja aliyetoka Kabale, na yeyote atakayepanga idadi ya kuruhusiwa kesho atapanga kwa mnyama asiyekuwepo.

Na ikiwa picha sita zimepigwa, koo limetazamwa, kisigino kimetazamwa, bado jina halijatoka, andika "*Trioceros*, jike, bila mifereji iliyo wazi, mita 2,100, ua wa michongoma, kimo cha mita moja na nusu". Lebo ya namna hiyo mtu mwingine atakuja kuimalizia baada ya miaka. Kisha mrudishe kwenye tawi lile lile ulipomtoa, kichwa kikielekea juu, na subiri hadi vidole vya miguu yote minne vishike ndipo uondoe kijiti chako.